Supu ya Kitaalamu

Hanifa binti Mfaume alirudi Kibiti na shahada ya elimu ya wanyama mwaka uleule ambao serikali iliacha kuwapangia wahitimu kazi. Zamani ukimaliza chuo ulikaa ukasubiri barua ikuambie unakwenda Sumbawanga au Bukoba, ukalia, ukafunga sanduku, ukaenda. Sasa redio ilikuwa ikisema soko ni huria na kila mtu ajitafutie. Soko la Kibiti lenyewe lilikuwa na mitumba, betri za tochi na nyanya, na hakuna aliyepita pale akiulizia bei ya mtaalamu wa wanyama.

"Kwa hiyo hata ng'ombe hutibu?" majirani walimwuliza.

"Sitibu. Ninawachunguza."

"Unawachunguza wamefanya nini?"

Aliyekuwa hakosi jibu ni baba yake. Mzee Mfaume alikuwa fundi cherehani, na tangu mitumba iingie kazi yake ilikuwa kupunguza suruali za wazungu wanene ziwatoshe watu wa Rufiji. Alikaa barazani kutwa nzima na mdomo wake ulikuwa huru. Mtu akimwuliza binti anachunguza nini, alisimamisha mguu kwenye cherehani, akatazama juu kidogo, akasema: "Tembo." Hanifa hakuwa amemwambia tembo. Alikuwa amemwambia wanyama waharibifu wa mazao, mzee akajichagulia mkubwa kuliko wote.

Ukweli ulikuwa hivi. Kule Mloka, kijiji kilichopakana na pori la akiba, palikuwa na mradi wa wanyamapori wenye nafasi moja tu ya mtafiti. Mkuu wa mradi, Dokta Ashrafu, Mtanga mmoja nadhifu aliyevaa shati jeupe hata porini, alimpa Hanifa kazi ya majaribio: akusanye mataya ya nguruwe pori waliouawa na wakulima mashambani, ayachemshe mpaka nyama itoke, ayasafishe, amkabidhi. Meno ya mnyama yanasema umri wake. Ukijua umri unajua alizaliwa mwezi gani, na ukijua nguruwe wanazaa lini unaweza kumwambia mkulima wakati gani asilale. Akileta mataya safi, nafasi ni yake. Asipoleta, wapo wengi wenye shahada wanaozurura Dar es Salaam.

Hanifa aliipenda kazi ile mpaka akawa anaona haya mwenyewe. Alikuwa analala akiota magego. Alirudi kutoka Mloka na kapu limefungwa gubigubi, analibembeleza njia nzima, na alipofika nyumbani alilificha nyuma ya choo. Neno nguruwe hakulitamka. Angelitamka vipi mbele ya baba aliyeshinda barazani na tembo?

Jambo moja tu alimwomba: vifuko vidogo vya kitambaa chepesi kinachopitisha maji, kila kimoja kina namba, maana taya likichemka meno hutoka, na meno ya huyu yakichanganyika na ya yule kazi yote imekwenda na maji.

"Vifuko vya nini?" aliuliza Mzee Mfaume.

"Vya kazi, baba. Ni vya kitaalamu."

Neno hilo lilimtosha. Alikata mashuka mawili ya mitumba, akashona vifuko kwa pindo mbili, na namba akazitarizi kwa uzi mwekundu. Hakuna aliyemwagiza kutarizi. Alisema kitu cha kitaalamu hakiandikwi kwa kalamu.

* * *

Siku ambayo Dokta angepita Kibiti kuchukua mzigo, mama mtu hakuwepo. Bi Zamda alikuwa ameteremka Nyamisati kupanda mashua kwenda Salale, huko deltani, ambako dada yake alikuwa amejifungua mapacha. Bi Zamda ndiye aliyeishikilia nyumba ile. Mgahawa wake wa mabati, pale yanaposimama mabasi ya Lindi, ulikuwa unalisha watu waliokuwa wakimsifu tembo wa Mzee Mfaume. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Hanifa upawa.

"Supu isikosekane. Vichwa vya mbuzi vichukue buchani mapema. Chapati atapika Mashavu. Na baba yako asiguse kitu."

Hanifa aliamka baba yake alipokwenda kuswali Alfajiri. Aliwasha moto nyuma ya nyumba, akateleka debe jipya alilolinunua kwa kazi hiyo, akatumbukiza vifuko na mataya yake, akachochea kuni, na moyo ukamjaa furaha. Kisha akafunga kanga akaenda buchani. Alikuwa amepanga kurudi haraka. Ila siku hiyo mbuzi wa buchani alikata kamba. Alipita katikati ya soko, akaangusha meza ya dagaa, akashika njia ya Ikwiriri, na mchinjaji na watu wake wakamfuata. Hanifa alibaki buchani na wateja wengine, wakingoja kichwa ambacho bado kilikuwa kinakimbia.

Nyuma huku Mzee Mfaume alirudi kutoka msikitini, akakuta basi la Lindi limewahi. Abiria walikuwa wameshajaza mabenchi ya mkewe.

"Supu ipo, mzee?" alipiga kelele kondakta.

Mzee Mfaume alitaka kusema haipo. Alizunguka nyuma kumtafuta Hanifa, akaona debe linatokota. Alifunua kifuniko. Mvuke ulimpanda usoni, na humo ndani aliona vifuko vyake vinaelea, namba zake nyekundu zinazunguka taratibu, moja, nane, kumi na tatu. Mara akaelewa kila kitu, na akaelewa vibaya.

"Kumbe!" alisema peke yake. "Kumbe ndivyo wanavyofundishwa!"

Ilikuwa inaeleweka kabisa. Mifupa ya vichwa inakaa ndani ya kifuko, utamu unatoka nje, mteja hang'oki jino. Ndiyo maana alitaka kitambaa kinachopitisha maji. Mzee Mfaume alisikia fahari mpaka machozi yakamlenga. Aliliepua debe kwa matambara, akalipeleka mbele, akamwagia chumvi, akakamulia ndimu zote za Bi Zamda bila kubakisha, akatia pilipili. Harufu ilitawanyika mpaka kituoni.

Na hapa ndipo penye shida yenyewe. Mtaa mzima ulikuwa wa Waislamu tangu enzi za mababu, na hapakuwa na pua hata moja iliyowahi kukutana na nguruwe kwenye chungu. Kwa hiyo kila aliyepita aliivuta ile harufu kwa roho safi.

"Mashaallah," alisema Sheikh Swalehe, imamu wa mtaa, akikaa kwenye benchi. "Leo mmechinja nini?"

"Ni mkono wa Hanifa," Mzee Mfaume alisema huku akichota. "Supu ya kitaalamu."

Mzee Mahamudu, balozi wa nyumba kumi na muuza mafuta ya taa, mtu asiyesifu kitu bila kukitafutia kasoro, alisimama pembeni akavuta pumzi na kufumba macho. "Hii," alisema, "hii mkeo hajawahi kuipika." Akaomba bakuli.

Mashavu, mpika chapati, alikuwa ndiyo kwanza anafika. Alikunja uso akauliza mbona harufu ngeni. Mzee Mfaume alimwambia hajasoma, akawashe jiko lake.

Watu watatu tu wa basi ndio waliowahi kunywa, kwa sababu basi lilikuwa linawahi. Alikuwepo fundi mwashi wa Ndanda, mwanamke mtu mzima wa Kilwa, na kondakta mwenyewe aliyekunywa amesimama. Walilipa, wakashukuru, wakapanda, basi likaondoka. Wenyeji hawana haraka. Walikaa na bakuli zao wakipuliza supu ipoe, wanasema habari za mapacha wa Salale, na Sheikh Swalehe alikuwa ndiyo kwanza amesema Bismillahi na kuinua bakuli, Hanifa alipokata kona na kichwa cha mbuzi mkononi.

Aliliona debe. Akakiona kifuko namba nane juu ya meza, kimekamuliwa vizuri.

"Msinywe!" alipiga ukelele uliowasimamisha hata kuku. "Baba! Msinywe! Nguruwe!"

* * *

Bakuli zote zilitua mezani pamoja, na Sheikh Swalehe akabaki ameinua mikono yake hewani anaitazama, hajui aipangusie wapi.

"Nguruwe yuko wapi?" aliuliza Mzee Mfaume, akitazama barabarani.

"Ndani ya debe, baba."

"Kaingiaje?"

"Nimemtia mimi."

Hanifa alieleza yote, palepale, na kichwa cha mbuzi bado kinamning'inia mkononi: Mloka, mataya, meno, vifuko, Dokta. Hakuficha tena kitu. Alipomaliza, Mzee Mfaume alikuwa amekaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. Kilichomuuma si supu peke yake. Watu waliokuwa wanamzunguka ndio walewale wa barazani.

"Na tembo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna tembo, baba. Hakujawahi kuwa na tembo."

Hapo Mzee Mahamudu aliona nafasi yake. Alisogeza bakuli kwa ncha ya kidole, akapanda juu ya tofali ili aonekane. "Mimi nilijua," alisema. "Tangu mwanzo nilijua. Nilivuta pumzi moja tu nikasema moyoni, huyu ni nguruwe. Ile harufu haifichiki."

Watu walianza kuitikia kwa vichwa. Kisha Mashavu akaweka chini mchi wake wa kusukumia chapati.

"Balozi," alisema kwa adabu zote, "umeijulia wapi?"

"Nini?"

"Harufu ya nguruwe jikoni. Sisi wote hapa hatuijui. Wewe umeijulia wapi?"

Mzee Mahamudu alifungua mdomo. Aliutazama mti, akautazama msikiti, akasema aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Morogoro, kulikuwa na jirani, jirani huyo alikuwa na dirisha. Kicheko kilianzia kwa Mashavu kikazunguka mabenchi yote. Hata Sheikh Swalehe aligeuza uso akakohoa kwa muda mrefu. Balozi alishuka kwenye tofali akasema ana mafuta yanamwagika nyumbani.

Mzee Mfaume peke yake hakucheka. Sheikh alimwinua kwa mkono.

"Aliyekunywa bila kujua hana dhambi," alisema Sheikh. "Vyombo vioshwe mara saba, moja kwa udongo, vitatoharika. Hilo dogo. Lakini wale watu wa basi, Mfaume. Wao hawajui, wewe unajua. Adhuhuri watasimama kuswali na vinywa vile."

"Basi limekwenda, Sheikh."

"Ndundu lina kivuko. Litasubiri."

Mzee Mfaume alimgeukia binti yake. "Kazi hii imekwisha leo," alisema. "Sitaki kuuona mfupa nyumbani kwangu. Kesho utasukuma chapati na shahada yako."

Hanifa alilia waziwazi, pale kituoni, mbele ya watu wanaocheka. Na wakati huohuo Landrova ya mradi ikapiga breki mbele ya mgahawa, akashuka Dokta Ashrafu na shati lake jeupe, akauliza kwa uchangamfu mzigo uko wapi. Alionyeshwa debe. Aliinama, akanusa, akachovya fimbo, akainusa fimbo.

"Hii ni ndimu?"

"Ndimu zote," alisema Mashavu. "Na pilipili."

Dokta Ashrafu alijishika tumbo. Alicheka mpaka akaegemea boneti, akaomba radhi, akaanza upya. Alipopata sauti akasema kwa upole kwamba ndimu inakula jino, mistari inayosomeka kwenye jino ndiyo inayotangulia kuliwa, na yeye hawezi kuapia umri wa mnyama aliyeungwa. Alisikitika. Alikuwa anakwenda Dar na ripoti ilikuwa inangojwa. Itabidi nafasi ampe mwingine.

Kwa hiyo baba hakutaka na mradi haukutaka. Hanifa alipangusa uso kwa ncha ya kanga na kuanza kuokota bakuli.

"Dokta," alisema Mzee Mfaume. Lilikuwa jambo gumu kwake kulisema, na shingo ilimsimama. "Gari lako naliomba. Nifike Ndundu kabla ya Adhuhuri."

"Mimi naelekea Dar, mzee wangu."

"Kuna watu wameinywa."

Dokta aliacha kucheka. Alimtazama mzee na kanzu yake yenye vumbi, akamtazama Hanifa, akafungua mlango.

* * *

Ndundu magari yalikuwa yamepanga foleni mpaka kwenye migomba, na pantoni ilikuwa ng'ambo, haina haraka na mtu. Basi la Lindi lilikuwepo. Mzee Mfaume alikimbia na kanzu ameishika mkononi, akapanda ngazi ya basi, akasimama mbele ya abiria akihema.

"Asalaam aleikum, ndugu abiria!"

"Aleikum salaam!" walimwitikia. "Ya minyoo au ya meno?"

"Siuzi dawa. Mimi ndiye niliyewapa supu Kibiti."

"Umeleta nyingine?" aliuliza fundi mwashi wa Ndanda kutoka kiti cha nyuma, akainua shingo kwa matumaini.

Njiani Mzee Mfaume alikuwa amejitungia maneno mazuri yenye kuzunguka, na sasa hakuliona hata moja. "Supu ile ilikuwa ya nguruwe," alisema. "Sikujua. Nimejua mmeshaondoka. Nimekuja kuwaambia na kuwaomba radhi."

Kondakta alitoa kichwa dirishani akaanza kutema. "Kitimoto!" alikuwa anasema kati ya mate na mate. "Mzee, umeninywesha kitimoto saa moja asubuhi!" Basi zima lilipiga kelele, nusu hasira na nusu kicheko, na fundi mwashi alisimama juu ya kiti. Yeye alikuwa Mkristo na hakuwa na ugomvi na mtu.

"Mzee, na wale waliobakisha, bakuli zao ziko wapi?"

Mwanamke wa Kilwa hakupiga kelele. Alijikusanya taratibu, akashuka nyuma ya Mzee Mfaume aliyekuwa ameteremka, akasimama mbele yake na kumtazama usoni.

"Umetoka Kibiti mpaka hapa kuniambia hilo tu?"

"Adhuhuri inakaribia, dada yangu."

"Hebu angalia," alisema yule mama. "Ungenyamaza nisingejua mpaka naingia kaburini." Aliteremka mtoni, akachukua udongo, akasukutua kwa utaratibu wake bila kuharakishwa na mtu, akarudi anapangusa mdomo kwa mtandio. "Mungu akulipe. Lakini ilikuwa imekolea."

Watu walikuwa wameshajaa. Wapo waliotoka kwenye malori, wapo wauza samaki, wapo waliokuja kwa sababu wengine wamekuja. Mmoja wao, mkulima wa Nyamwage aitwaye Shaban, alikuwa ameegemea baiskeli yake akisikiliza kwa makini.

"Mzee, wewe Mwislamu mwenzetu," alisema. "Nguruwe umemtoa wapi?"

Swali hilo ndilo alilokuwa analiogopa. Mzee Mfaume angeweza kusema ni wa mtu mwingine, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama Hanifa, aliyekuwa amesimama pembeni ya Landrova ameinamisha kichwa, na macho yamemvimba.

"Ni wa mwanangu," alisema. "Yule pale. Amesoma chuo kikuu. Anachunguza nguruwe." Na kwa kuwa ameshalisema, akalisema tena, safari hii kwa sauti ile ya barazani: "Anachunguza nguruwe!"

"Anawachunguza?" Shaban alitupa baiskeli chini. "Si aje kwangu! Wamekula mahindi yote, wakarudia mihogo, sasa wanakuja mchana wananitazama! Binti! Njoo hapa! Wanataka nini hawa?"

Hanifa alisogea. Mwanzoni alizungumza akitazama vidole vyake, lakini wakulima walimzunguka, mmoja anauliza mbona wanakuja wengi baada ya mvua, mwingine anauliza kama ni kweli jike anazaa mara mbili. Akasahau kulia. Alichora taya kwenye mchanga kwa kijiti, akawaonyesha jino la mtoto na jino la mzee. Aliwaambia angejua hata mwezi wanaozaliwa, kama angepata mataya ya kutosha, ila aliyokuwa nayo yameharibika. Alieleza vizuri, kwa maneno mepesi, na Mzee Mfaume alijikuta anawasukuma watu warefu ili wafupi wapate kuona.

"Mataya?" alisema Shaban. "Ndiyo unayolilia? Kwetu tuna shimo zima. Tukiwaua tunawavuta kwa kamba tunawatupa humo, nani awaguse? Wapo wa mwaka jana, wapo wa mwaka juzi, wamebaki mifupa mitupu."

Hanifa alimgeukia Dokta Ashrafu. Dokta alikuwa anauma mdomo ili asicheke.

"Humo shimoni," alimwuliza Shaban, "hamkukamulia ndimu?"

"Ndimu ya nini?"

"Basi," alisema Dokta. "Binti Mfaume, nikiyapata leo kabla kivuko hakijafunga, nafasi ni yako. Dar itaningoja." Kisha, kwa heshima, akamgeukia baba mtu na kusubiri, maana alisikia kilichosemwa Kibiti.

Mzee Mfaume alisema kwanza ataswali. Aliswali kando ya mto pamoja na mama wa Kilwa na kondakta, akakaa kwenye mchanga muda mrefu kuliko wenzake. Pantoni ilipofika alipanda Landrova na akafunga mlango.

* * *

Shimo lilikuwa nje ya kijiji cha Nyamwage, nyuma ya mashamba, refu kuliko mtu. Nusu ya kijiji iliwasindikiza kwa shangwe, kisha wote wakasimama mbali, kwenye kivuli, vidole vimebana pua. Watoto waliruhusiwa kutazama ila wasisogee. Dokta Ashrafu alibaki juu na kalamu ya kuandika namba, akaeneza turubai. Hanifa alivaa glovu, akapandisha kanga, akateremka kwa ngazi ya miti.

Kazi haikuwa ya mtu mmoja. Alifukua, akapata taya, akapanda ngazi mpaka katikati kumpa Dokta, akashuka tena. Jua lilikuwa linapungua na rundo juu ya turubai lilikuwa bado dogo. Dokta alitazama saa yake. Aliwageukia watu wa kivulini akauliza kama yupo wa kumsaidia, na kivuli chote kikarudi nyuma hatua moja, Shaban akiwa wa kwanza.

Mzee Mfaume alikuwa amesimama ukingoni tangu mwanzo.

"Hilo ulilolishika," alisema kutoka juu. "Alikuwa mkubwa?"

"Mtoto, baba. Hajamaliza hata mwaka."

"Umejuaje?"

Hanifa alilinyanyua juu kadiri mkono ulivyofika. "Tazama jino hili la mwisho. Bado liko ndani, lilikuwa linachungulia tu. Angekuwa mkubwa lingekuwa limetoka na limelika."

Baba yake alichuchumaa. Alifinya macho yake ya kutungia uzi kwenye sindano, akalitazama lile jino lililokuwa linachungulia, akasema "Ahaa," sauti aliyokuwa akiitoa zamani akionyeshwa mshono mzuri wa mtu mwingine. Kisha akavua kofia. Akavua kanzu, akaikunja kifundi, pembe kwa pembe, akampelekea Shaban kule kivulini.

"Mzee!" alisema Shaban. "Unaingia humo? Ndiyo najisi kubwa ile!"

"Udongo upo na mto upo. Nitaoga mara saba kama debe."

"Na mkeo?"

Hapo Mzee Mfaume alisita, kwa mara ya kwanza. Alimfikiria Bi Zamda anarudi kutoka Salale na furaha yake ya mapacha, anakuta vyombo vyake vyote vimepakwa udongo, ndimu hakuna, mume hayupo, na Mashavu yuko tayari kumsimulia. Alianza kucheka. Kicheko kilimshika mpaka akashindwa kupata ngazi kwa mguu, na Hanifa kule chini, ambaye hakujua kinachochekwa, naye akacheka, kwa sababu alikuwa hajamsikia baba yake akicheka tangu asubuhi na alikuwa amekwishaanza kukata tamaa ya kumsikia tena.

Alishuka. Miguu yake ilizama kwenye mifupa, akasimama pale na fulana na suruali, mikono ameitanua mbali na mwili, hajui aiweke wapi. Aliitazama ile mifupa iliyomzunguka, kisha akamtazama binti yake.

"Haya, mtaalamu," alisema. "Nianzie wapi?"